Sinthetasi inaitambuaje tRNA yake ilhali tRNA zote zina umbo moja?

Mwalimu wa Wete aliuliza:

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Ninasomesha Baiolojia kidato cha sita katika skuli moja ya hapa Pemba, na sasa tumo katika mada ya usanisi wa protini. Vitabu vyetu huanza habari ya vimeng'enya kwa mfano wa kufuli na ufunguo, alioutoa Emil Fischer mwaka 1894, na mfano huo huwatosha wanafunzi mpaka wanapofika kwenye sinthetasi, yaani vile vimeng'enya vinavyopachika asidi amino kwenye tRNA, RNA chukuzi. Hapo mfano unakwama. Mwanafunzi wangu mmoja aliinuka akasema kwamba tRNA zote zimejikunja kwa umbo la herufi L, zote huishia na besi (herufi za kikemia za RNA) tatu C, C na A, na zote hazina budi kuenea katika nafasi ile ile ya ribosomu, mtambo wa seli unaounga asidi amino kuwa protini. Sasa ikiwa funguo zote zimechongwa sawasawa, kufuli linajuaje upi ndio wake?

Jibu lililomo katika maelezo mengi ya masomo ni kwamba sinthetasi husoma antikodoni, yaani besi tatu za tRNA zinazolingana na kodoni, besi tatu za ujumbe wa jeni zinazotaja asidi amino moja. Binti huyo hakuridhika, na mimi naona ana haki. Serini ina kodoni sita: UCU, UCC, UCA, UCG, AGU na AGC. Antikodoni za tRNA zinazosoma nne za mwanzo na ile inayosoma mbili za mwisho hazina besi hata moja ambayo kimeng'enya kingeweza kuitegemea kuwa alama ya serini, na bado sinthetasi ni moja tu inayozihudumia zote. Basi ninaomba anayeijua bayokemia hii kwa undani atueleze ni kitu gani hasa katika umbile la kimeng'enya kinachokiwezesha kutambua, na kama kuna jambo ambalo wanafunzi wa kidato cha sita wanaweza kulitazama kwa macho yao badala ya kulikariri.

Msomi wa Tunguu alijibu:

Waalaykum salaam, Mwalimu. Mfikishie salamu binti huyo, kwani swali lake ndilo lililowashughulisha watafiti kwa miaka mingi baada ya Robert Holley kusoma mfuatano wa tRNA ya kwanza mwaka 1965.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili ni zito. Mwaka 1962 kikundi cha akina François Chapeville kilichukua tRNA ya sisteini ambayo tayari ilikuwa imebeba sisteini, kisha kwa njia ya kikemia kikaigeuza sisteini hiyo kuwa alanini ikiwa bado imo juu ya tRNA ile ile. Ribosomu ilipopewa mzigo huo iliiweka alanini mahali palipoandikiwa sisteini. Maana yake ni kuwa ribosomu hulinganisha kodoni na antikodoni, lakini haiukagui mzigo wenyewe, kwa hiyo uaminifu wa kanuni za jeni unakaa mikononi mwa sinthetasi. Sinthetasi ikikosea, hakuna wa kusahihisha baadaye isipokuwa kwa nadra.

Sasa tuje kwenye umbile. Picha ya kwanza ya sinthetasi ikiwa imeikumbatia tRNA yake ilipatikana Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1989, nayo ni ya sinthetasi ya glutamini ya bakteria E. coli. Mark Rould, John Perona, Dieter Söll na Thomas Steitz walikuza fuwele za kimeng'enya pamoja na tRNA, wakazipiga eksirei, na wakaona mambo kwa udogo wa takriban nanomita 0.28, kiwango kinachotosha kuona mahali pa kila besi na kila asidi amino, ingawa hakitoshi kuitenga atomu moja na jirani yake. Nitakaa kwenye mfano huu mmoja kwa kirefu kwa sababu unajibu sehemu kubwa ya swali.

Jambo la kwanza ni urefu. Ncha ya CCA inayobeba asidi amino na kitanzi cha antikodoni ziko kwenye miisho miwili ya ile L, zikiwa mbali kwa takriban nanomita 7.5. Kimeng'enya cha glutamini ni kirefu kiasi cha kuweza kulalia upande wa ndani wa L na kugusa miisho yote miwili kwa wakati mmoja. Sehemu yake moja inafanya kemia na sehemu yake nyingine, iliyoundwa kwa nyuzi za protini zilizojiviringa mfano wa pipa, inashika antikodoni. Hapo ndipo ninapoomba mwanafunzi atazame vizuri: besi tatu za antikodoni, C, U na G, hazikai zikiwa zimepangana kama zilivyo katika tRNA iliyo huru. Zimetawanywa, kila moja imeingizwa katika kishimo chake peke yake, na ndani ya kila kishimo kuna asidi amino ambazo bondi zao za haidrojeni zinakubaliana na besi hiyo na kuikataa nyingine. Ukiweka besi nyingine hapo, ama haienei, ama inaenea lakini bondi zake hazipati wa kushikana naye.

Jambo la pili, ambalo mimi naliona ndilo zuri kuliko yote, liko upande wa pili. Katika tRNA iliyo huru, besi ya 1 imeungana na besi ya 72, na baada yao mkia wenye besi ya 73 na CCA umenyooka ukielekea nje. Ndani ya kimeng'enya cha glutamini jozi hiyo ya kwanza, U1 na A72, imevunjwa. Lusini, asidi amino iliyopo nafasi ya 136 ya kimeng'enya, imejipenyeza na kuzuia jozi isirudiane, na mkia mzima umepinda kurudi ndani mpaka ncha yake ikaingia kwenye kitovu cha kemia, ambako glutamini na ATP, molekuli inayotoa nishati, zinasubiri. Sasa, ni nini kinachoushikilia mkia katika mpindo huo? Ni besi ya 73, ambayo katika tRNA hii ni G. Guanini (G) ina kundi la amino mahali ambapo adenini (A) haina, na pirimidini (C na U) hazina kitu cha kulingana nacho. Kundi hilo hushikana na fosfeti ya nyukleotidi (besi pamoja na sukari na fosfeti yake) ya 72 ya tRNA hiyo hiyo na kuufunga mpindo.

Mwalimu, tafadhali litazame jambo hili kwa makini. Hapa kimeng'enya hakiisomi G73 kwa kuigusa na kuihakiki. Kinaidai tRNA ijipinde, na tRNA iliyo na G mahali hapo, na yenye jozi dhaifu ya U na A mwanzoni mwake, ndiyo inayoweza kujipinda kwa gharama ndogo ya nishati. tRNA nyingi za E. coli huanza na jozi ya G na C, ambayo ina bondi tatu za haidrojeni badala ya mbili, na kuivunja ni ghali zaidi. Kwa hiyo utambuzi umo pia katika tabia ya tRNA yenyewe, namna inavyokubali kupindwa, wala si katika sura yake peke yake. Ndiyo maana mfano wa Fischer hautoshi hapa, na wazo la Daniel Koshland la mwaka 1958, kwamba umbo la kimeng'enya hubadilika wakati wa kushikana na kinachoshikwa, linatufaa zaidi.

Kuna ushahidi mmoja wa jeni unaothibitisha kwamba mguso mdogo sana unaweza kuamua mambo. Asidi aspatiki ya nafasi ya 235 katika kimeng'enya hiki huingia kwenye mfuo mdogo, mmoja wa mifuo miwili inayolizunguka shina la tRNA (sehemu yenye besi zilizoungana jozi jozi), na kushikana na jozi ya 3 na 70. Watafiti walipata bakteria ambao nafasi hiyo moja ilikuwa imebadilika kuwa asparajini, na kimeng'enya chao kikaanza kuipa glutamini tRNA ya tairosini. Asidi amino moja kati ya zaidi ya mia tano, na ulinzi ukalegea.

Mkemia wa Mbweni aliongeza:

Maelezo ya Msomi ni sahihi na yamenifurahisha, lakini nachelea wasomaji wakadhani sinthetasi zote ziko hivyo. Mfano wa glutamini ni wa familia moja tu. Mwaka 1990 Gilbert Eriani, Dino Moras na wenzao wa Strasbourg walionesha kwamba sinthetasi zimegawika katika madaraja mawili yasiyo na nasaba: daraja la kwanza lina kitovu cha kemia kilichojengwa kwa mkunjo uitwao mkunjo wa Rossmann, na daraja la pili lina utandu wa nyuzi za protini zinazopishana mielekeo. Kwa kawaida daraja la kwanza huliendea shina la tRNA kutoka upande wa mfuo mdogo na kupachika asidi amino kwenye oksijeni ya kaboni ya 2 ya sukari ya mwisho, ilhali daraja la pili huja kutoka upande wa mfuo mkubwa na kutumia kaboni ya 3. Kimeng'enya cha fenilalanini ni cha daraja la pili na bado hutumia kaboni ya 2, kwa hiyo kanuni hii isikaririwe kama isiyovunjika. Moras na wenzake walipoipata picha ya sinthetasi ya asidi aspatiki ya hamira mwaka 1991, waliona mkia wa tRNA haukulazimika kupinda kama ule wa glutamini, kwa sababu kimeng'enya kinakuja kutoka upande mwengine na mkia unakiingia ukiwa umenyooka.

Sasa nije kwenye serini, kwa kuwa ndiyo iliyomsumbua binti. tRNA za serini zina mkono wa ziada mrefu, uliochomoza kati ya shina la antikodoni na shina jingine liitwalo shina la T. Sinthetasi ya serini imeota mkono wake, helikisi (nyuzi za protini zilizojizungusha kama parafujo) mbili ndefu zilizosokotana, unaotoka kwenye mwili wa kimeng'enya na kwenda kulala juu ya mkono huo wa tRNA. Picha ya Stephen Cusack na wenzake ya mwaka 1994, kutoka bakteria Thermus thermophilus, inaonesha jambo hili bila utata: antikodoni imeachwa nje kabisa, haikuguswa. Kimeng'enya kinachotakiwa kuhudumia antikodoni zisizofanana kimejiondolea tatizo kwa kutozitazama.

Mwalimu wa Wete aliandika:

Ahsanteni sana, nyote wawili. Hili la serini nimelisoma mbele ya darasa na limepokelewa kwa furaha kubwa. Wameniomba niulize mawili. Kwanza, alanini nayo ina kodoni nne, na tRNA yake haina mkono mrefu, inatambuliwaje? Pili, je, kimeng'enya hukataa tRNA isiyo yake kwa kutoishika kabisa, au huishika kisha kikaiachia?

Mkemia wa Mbweni alijibu:

Maswali hayo mawili, Mwalimu, yana jibu lililofungamana, na alanini ndiyo inayolionesha.

Mwaka 1988 Ya-Ming Hou na Paul Schimmel walichunguza tRNA ya alanini ya E. coli wakibadilisha besi huku na kule, na wakakuta kwamba karibu kila kitu kinategemea jozi moja iliyo kwenye shina: G ya nafasi ya 3 inayoungana na U ya nafasi ya 70. G na U si jozi ya kawaida, kwani kwa kawaida G huungana na C. Walipoipandikiza jozi hiyo katika tRNA ya sisteini na ya fenilalanini, tRNA hizo zikaanza kupewa alanini. Mwaka uliofuata Christopher Francklyn na Schimmel walikwenda mbali zaidi: walitengeneza kipande kidogo cha RNA chenye nyukleotidi 24, kisicho na antikodoni wala umbo la L, kikiwa na shina lile na jozi ya G na U peke yake, na kimeng'enya kikakipachika alanini. Mimi nalihesabu jaribio hilo miongoni mwa yale yaliyo safi kabisa katika bayokemia yote.

Lakini kwa nini jozi moja iwe na nguvu hiyo? Wengi walidhani kimeng'enya kinaigusa G na kuitambua kwa kundi lake la amino, na kwa sehemu ndivyo. Mwaka 2014 kikundi cha Shigeyuki Yokoyama wa Japani, pamoja na Schimmel, kilichapisha picha mbili za sinthetasi ya alanini ya akea (kiumbe wa seli moja asiye bakteria) mmoja apendaye joto kali: katika moja tRNA ilikuwa na G3 na U70, na katika ya pili G ilibadilishwa kuwa A ili iungane na U kwa kawaida. Kimeng'enya kilizishika zote mbili. Tofauti ilikuwa kwenye njia ya mkia. Jozi ya G na U huisogeza kidogo U70 kuelekea mfuo mkubwa, kimeng'enya kinaishika katika mkao huo, na mkia wa CCA unaelekezwa kitovuni. Jozi ya A na U haina msogeo huo, na mkia ukaangukia upande mwengine, mbali na alanini iliyokuwa tayari.

Hilo ndilo jibu la swali la pili. Sinthetasi mara nyingi huzishika tRNA zisizo zake, ingawa kwa ulegevu zaidi, kwa sababu tRNA zote zina uti uleule wa sukari na fosfeti wenye chaji hasi, na protini yenye chaji chanya itauvuta tu. Kinachotenganisha halali na isiyo halali ni kasi ya mmenyuko baada ya kushikana. tRNA isiyo yake huingia, mkia wake haufiki mahali pake, na huondoka kabla ya kemia kufanyika. Kwa hiyo picha ya fuwele, pamoja na uzuri wake wote, lazima isomwe pamoja na vipimo vya kasi, na hapa nadhani mafundisho yetu yanapungukiwa, maana tunawaonesha wanafunzi maumbo yaliyotulia na kuwaachia wadhani kuwa kushikana na kutambua ni jambo moja.

Mfamasia wa Chake Chake aliandika:

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, na ningependa kuongeza upande wa dawa, kwa kuwa watu hudhani haya ni ya maabara za mbali. Mupirosini, ile marhamu ya kupaka kwenye vidonda vya ngozi vyenye usaha, hufanya kazi kwa kukalia kitovu cha sinthetasi ya isolusini ya bakteria. Kimeng'enya cha binadamu kina tofauti za kutosha katika umbile lake hata dawa haikishiki kwa nguvu ile, na hiyo ndiyo nafasi inayotuwezesha kumpiga bakteria bila kumpiga mgonjwa. Picha ya kimeng'enya hicho kutoka Staphylococcus aureus, kikiwa na tRNA yake na mupirosini ndani, ilitolewa mwaka 1999 na kikundi cha Steitz huyo huyo.

Kwa malaria, halofujinoni, iliyotokana na kiambato cha mmea wa tiba ya Kichina uitwao Dichroa febrifuga, hukaa kwenye sinthetasi ya prolini ya kimelea, ikichukua kwa pamoja nafasi ya prolini na nafasi ya ile A ya mwisho ya mkia wa tRNA. Kikwazo chake ni kwamba kimeng'enya cha binadamu nacho hukamatwa, na watafiti wanahangaika kuipata sura ya dawa itakayopambanua vizuri zaidi kati ya viwili hivyo. Kwa visiwa vyetu, ambavyo vimepambana na malaria kwa muda mrefu mpaka vikaishusha sana, ningependa vijana wa kidato cha sita wajue kwamba silaha zijazo huenda zikatoka katika mada hii hii.

Msomi wa Tunguu alijibu:

Nimalizie lile ombi la kitu cha kutazama kwa macho, kwani nililiacha. Hifadhi ya kimataifa ya maumbo ya protini (Protein Data Bank) iko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti, na maumbo yake hufunguka katika kivinjari cha kawaida bila kulipia. Tafuteni faili lenye namba 1EHZ, ambalo ni tRNA ya fenilalanini ya hamira ikiwa peke yake, na faili 1GTR, ambalo ni tRNA ya glutamini ndani ya kimeng'enya chake. Ziwekeni picha hizo mbili bega kwa bega, zizungusheni mpaka ile L isimame vilevile katika zote mbili, kisha ficheni protini kwa muda. Hesabuni besi kutoka ncha ya CCA kurudi nyuma, kwa sababu namba zilizomo ndani ya faili huenda zisilingane na za kitabuni. Katika ile ya kwanza wataona mkia unaendelea na shina kama kawaida. Katika ya pili wataona umegeuka na kurudi. Wakishuka mpaka kwenye antikodoni wataona katika ya pili besi tatu zimetengana, kila moja imetazama upande wake. Baada ya hapo irudisheni protini, na muwaulize wao wenyewe kila besi imekwenda kushikana na nani.

Darasa likiwa na muda, wapeni tRNA moja ya ajabu ya E. coli waifikirie. Inapotengenezwa ina antikodoni CAU, ambayo ni ya methionini. Kisha kimeng'enya kingine huigeuza C hiyo kwa kuipachika lisini, na kwa badiliko hilo moja tRNA inaacha kusoma AUG na kusoma AUA, na sinthetasi ya methionini inaikataa na ya isolusini inaipokea. Jambo hili lilichapishwa na kikundi cha Kijapani mwaka 1988. Waulizeni: kimeng'enya kinachoipachika lisini hiyo nacho kinaitambuaje tRNA hiyo, na kuiacha tRNA halisi ya methionini ambayo nayo ina CAU?